Faili Halikufika: Tukague Kiungo kwa Kiungo

 



Katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo kwa haraka mtu anaweza kudhani halihusiani na madrasa, nalo ni kuhamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwenda kompyuta nyingine kwa waya wa mtandao, na nini cha kufanya pale mawasiliano yanapogoma. Tumelichagua kwa sababu lilitufika wenyewe.

Mwaka jana kompyuta ya ofisi yetu, ya mfumo wa Windows XP, ilianza kutoa mlio wa kugongagonga ndani ya diski. Mle ndani mlikuwa na daftari la wanafunzi wa mwaka 2004 hadi 2011, matokeo yao ya mitihani, na darsa za tafsiri za marehemu mwalimu wetu zilizorekodiwa msikitini. Wiki hiyo hiyo akaja mwanafunzi wetu wa zamani, sasa ni mama wa watoto wawili, akiomba barua ya kuthibitisha juzuu alizohifadhi hapa, kwani amepata nafasi ya kufundisha. Jina lake lilikuwa ndani ya kompyuta ile tu. Matundu ya flashi yalikwisha kufa kwa kutu ya hewa ya bahari, na kisomea CD chake kilisoma tu, hakikuandika. Kilichobaki kizima ni tundu la waya wa mtandao.

Tukaletewa kompyuta ya pili yenye mfumo wa Linux, tukaziunganisha, zikakataa kuzungumza. Mmoja akasema waya mbovu, mwingine akasema virusi, wa tatu akashauri kompyuta ipigwe fomati ianze upya. Alhamdulillahi, hatukumfuata huyo wa tatu. Tuliokoa karibu vyote. Hata hivyo, darsa mbili zilitupotea, na sababu yake tutaieleza mahali pake ili isimfike mwingine.

Fundisho kubwa tulilolipata ni moja: usiguse kitu kabla ya kuthibitisha. Mwanafunzi aliyesoma elimu ya Hadithi anafahamu kwamba wanazuoni hawakuikataa au kuikubali hadithi kwa kubahatisha. Waliitazama silsila ya wapokezi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaona ni wapi penye udhaifu. Mawasiliano ya kompyuta nayo ni silsila. Faili likishindwa kufika, kuna kiungo kimoja kilicholegea, na kazi yetu ni kukitafuta kwa mpangilio.

FTP ni nini?

Utaratibu tulioutumia unaitwa FTP. Ni mkongwe kuliko wengi wetu. Maelezo yake ya mwanzo yaliandikwa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, mtaalamu kutoka India aliyekuwa katika chuo cha MIT huko Marekani. Waraka unaotegemewa hadi leo, unaojulikana kama RFC 959, ulitolewa Oktoba 1985.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusitumie njia ya kawaida ya Windows, ya kulifanya folda liwe la kushirikiana? Jawabu ni kwamba Windows XP inajua toleo la kwanza tu la lugha ya kushirikiana mafaili, iitwayo SMB. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika toleo hilo. Tangu mwishoni mwa mwaka huo, Windows 10 ikiwekwa upya huja bila toleo hilo kuwashwa. Kwa hiyo kompyuta mpya na ya zamani zinaweza kuwa kwenye waya mmoja na zisionane, wala hakuna iliyoharibika. Ni kama watu wawili wasiojua lugha moja. FTP ni lugha ambayo zote mbili bado zinaielewa.

Katika FTP, kompyuta moja hukaa ikisubiri wageni. Hiyo ndiyo seva. Nyingine hubisha hodi na kuomba kuleta au kuchukua faili. Kwetu sisi, ile ya Linux ndiyo ilikuwa seva, na ya zamani ndiyo iliyobisha hodi. Sasa tukague silsila yetu.

Kiungo cha kwanza: Waya

Anza na kinachoonekana kwa macho. Nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la waya wa mtandao, kuna taa ndogo. Ikiwa haiwaki, usipoteze muda mbele ya kioo.

Waya huo una nyuzi nane, yaani jozi nne. Kuna waya ulionyooka, ambao nyuzi zake zimepangwa sawa pande zote mbili, na kuna uliopishana, ambao nyuzi za kutuma za upande mmoja zinaingia kwenye za kupokea za upande wa pili. Kompyuta za zamani zikiunganishwa moja kwa moja zinahitaji waya uliopishana. Zikipitia kwenye swichi zinatumia ulionyooka. Mitambo mipya mingi hujirekebisha yenyewe, lakini usiitegemee kwenye ya kale. Vile vile waya mmoja usizidi mita 100.

Kuna ugonjwa mwingine wa waya ambao unadanganya sana. Kadi za mtandao hukubaliana zenyewe juu ya kasi, na kama zitatuma na kupokea kwa wakati mmoja au kwa zamu. Mtu akiipangia kadi moja kwa mkono na kuiacha nyingine ijiamulie, zinaweza kuhitilafiana. Dalili yake ni kwamba ujumbe mdogo unapita vizuri, lakini faili kubwa linajikokota kama konokono. Dawa ni kuziacha zote mbili zijiamulie, au kuzipanga zote sawasawa.

Kwetu sisi, taa haikuwaka. Tulikuwa tumetumia waya ulionyooka bila swichi. Tukaazima swichi ndogo, taa zikawaka pande zote mbili.

Kiungo cha pili: Anwani

Kila kompyuta kwenye mtandao inahitaji anwani yake ya IP, na anwani mbili zisifanane, kama vile nyumba mbili za mtaa mmoja zisivyoweza kuwa na namba moja. Sisi ile ya zamani tuliipa 192.168.0.1 na mpya 192.168.0.2, na zote tukazipa kipimo cha mtaa cha 255.255.255.0, maana yake namba tatu za mwanzo ni jina la mtaa na ya mwisho ni ya nyumba.

Ili kuiona anwani katika Windows XP, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Katika Windows 95 na 98 amri yenye dirisha lake ni winipcfg. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, fahamu kwamba kompyuta iliomba ipewe anwani, ikakosa wa kuipa, ikajitungia. Ipe kwa mkono.

Kisha jaribu amri ya ping. Kwanza andika ping 127.0.0.1, yaani kompyuta ijiite yenyewe. Ikishindwa hapo, tatizo liko kwenye programu zake za mtandao, wala si kwa jirani. Halafu iite anwani yake yenyewe, kisha ya mwenzake.

Hapa pana tahadhari. Kukosa jibu la ping si ushahidi kamili kwamba hakuna mtu. Tangu maboresho ya pili ya Windows XP yaliyotoka Agosti 2004, fayawoli, yaani programu ya ulinzi inayochuja wanaoingia na kutoka, huwa imewashwa tangu mwanzo na inaweza kuzuia wito huo. Baada ya ping kukosa jibu, andika arp -a. Ukiiona anwani ya mwenzako pamoja na namba ya kadi yake, basi yupo na waya unafika. Amekaa kimya tu.

Kiungo cha tatu: Mlango

Kompyuta moja ina milango mingi yenye namba, hadi 65,535, na kila huduma ina mlango wake. FTP husikilizia mlango wa 21. Andika ftp 192.168.0.2 uone nini kitatokea.

Wanafunzi wetu wamesoma katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, adabu za kuingia nyumba za watu: kuomba idhini, kutoa salamu, na kurudi tukiambiwa turudi. Mbisha hodi anaweza kukutana na mambo matatu, na hapa ni hivyo hivyo.

La kwanza, akaribishwe: seva inajibu kwa namba 220. La pili, akataliwe papo hapo: maana yake nyumba ipo na waya ni mzima, lakini nyuma ya mlango ule hakuna programu inayosikiliza. Nenda ukaiwashe programu ya seva. La tatu, kimya kirefu mpaka kompyuta ichoke kusubiri: mara nyingi hapo kuna fayawoli inayoutupa wito bila kujibu, au anwani si sahihi. Kukataliwa na kunyamaziwa ni dalili mbili tofauti, na anayezichanganya atatibu ugonjwa usiokuwepo.

Kiungo cha nne: Jina na neno la siri

Seva ikishakaribisha, itauliza jina. Ikilikubali hujibu 331, yaani lete neno la siri. Likiwa sahihi hujibu 230. Ukiona 530, hujaingia. Kabla ya kulaumu kompyuta, angalia kitufe cha herufi kubwa, kwani katika mifumo kama Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Hali kadhalika majina ya mafaili: Darsa na darsa ni mafaili mawili tofauti.

Namba hizi zina utaratibu mzuri ambao ni vyema kila mwanafunzi auhifadhi, kwani tarakimu ya kwanza pekee inatoa habari kubwa:

1 - kazi imeanza, subiri.
2 - kazi imekamilika.
3 - endelea, bado kuna kitu kinahitajika.
4 - imeshindikana kwa sasa, unaweza kujaribu tena.
5 - imeshindikana, kurudia vile vile hakutasaidia.

Kiungo cha tano: Njia ya pili

Hapa ndipo tulipokwama siku mbili nzima. Jina likakubaliwa, neno la siri likakubaliwa, lakini kila tulipoandika dir ili kuona orodha ya mafaili, kompyuta iliduwaa, kisha ikaleta 425, yaani njia ya mzigo haikufunguka.

Sababu yake ni kwamba FTP inatumia njia mbili. Ya kwanza, ya mlango wa 21, ni ya mazungumzo tu. Mzigo wenyewe, hata orodha ya majina, hupita njia ya pili. Katika desturi ya zamani, mbisha hodi humwambia seva, "Mimi nitakusubiri katika mlango fulani wa kwangu," kisha seva, kutoka mlango wake wa 20, ndiye anayekwenda kumbishia mgeni. Fayawoli ya mgeni ikimwona mtu wa nje anabisha bila kujua kwamba amealikwa, humzuia. Ndiyo maana unaweza kuingia vizuri na bado usipokee hata jina moja la faili.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuielekeza fayawoli iiruhusu programu ile ya FTP tu. Ya pili ni kutumia desturi nyingine, ambapo mgeni ndiye anayefungua njia zote mbili. Anatuma neno PASV, na seva hujibu 227 pamoja na namba sita. Nne za mwanzo ni anwani, na mbili za mwisho ni mlango uliofichwa katika hesabu: zidisha ya tano kwa 256, kisha ujumlishe ya sita. Mfano, ikiletwa 192,168,0,2,195,80, basi 195 mara 256 ni 49,920, ongeza 80 upate mlango wa 50,000. Desturi hii nayo inataka fayawoli ya upande wa seva iruhusu milango hiyo. Aidha, amri ya ftp iliyomo ndani ya Windows XP haiwezi kuitumia. Inahitajika programu nyingine, kama matoleo ya zamani ya FileZilla.

Sisi tulichagua dawa ya kwanza. Aliyezuia alikuwa ni fayawoli iliyokuja pamoja na programu ya kuzuia virusi. Tulishauriwa tuzime ulinzi wote ili tusisumbuke. Tukaona huko ni kung'oa mlango wa nyumba kwa sababu mgeni mmoja amekosa kuingia. Tukairuhusu programu moja tu, na orodha ikatokea mara moja.

Kiungo cha sita: Faili lenyewe

Mawasiliano yakishakamilika, watu hufurahi na kusahau kwamba mzigo nao una masharti yake. Ukiona 550 unapotuma, mara nyingi huna ruhusa ya kuandika katika folda hilo, na unapochukua, huenda faili halipo au umekosea jina. Ukiona 452, nafasi imekwisha. Na diski iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, hata kama nafasi ipo tele.

Sasa tueleze msiba wetu. FTP ina namna mbili kuu za kusafirisha: ya maandishi na ya binari. Windows humalizia mstari wa maandishi kwa alama mbili, namba 13 na namba 10. Linux humalizia kwa namba 10 peke yake. Katika namna ya maandishi, seva ya Linux inaweza kuiondoa ile 13 kila inapoziona mbili hizo pamoja, ili mistari ikae sawa. Kwa barua, hilo ni jema. Lakini faili la sauti au picha si mistari; 13 na 10 ndani yake ni sehemu ya sauti yenyewe. Ikiondolewa, faili limejeruhiwa, na hakuna njia ya uhakika ya kujua zilitoka wapi.

Amri ya ftp ya Windows, isipoambiwa vinginevyo, huanza na namna ya maandishi. Hatukulijua hilo. Tukatuma darsa mbili, tukaona 226, yaani usafirishaji umekamilika. Kijana aliyekuwa akitusaidia akauliza kama afute zile za zamani ili diski ipumue, nasi ndio tuliomjibu afute. Jioni tulipozisikiliza, sauti ya mwalimu wetu ilikuwa mikwaruzo mitupu, na mafaili yalikuwa yamepungua ukubwa. Lawama si ya kijana. Ni yetu sisi tuliotoa ruhusa kabla ya kuthibitisha. Namba 226 ilitwambia mzigo umefika. Haikutwambia umefika salama.

Zilizobaki tuliandika kwanza binary, kisha put, na baada ya kila faili tukalinganisha ukubwa wake baiti kwa baiti pande zote mbili, halafu tukalifungua. Ndipo zikatoka safi.

Amana na tahadhari

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe. Majina ya watoto wa watu na alama zao ni amana, na sauti ya mwalimu aliyetangulia mbele ya haki ni amana kwa wanafunzi wake. Kwa mnasaba huo, tuzingatie yafuatayo:

Kwanza, FTP hupitisha jina na neno la siri waziwazi, na aliye kwenye mtandao huo anaweza kuyasoma. Itumie baina ya kompyuta mbili zilizotengwa, si kwenye intaneti. Kwa safari ya mbali kuna SFTP, inayopita ndani ya SSH, utaratibu wa kufunga mawasiliano kwa siri uliobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland.

Pili, tumia neno la siri la muda, na kazi ikiisha uzime seva.

Tatu, matengenezo ya usalama ya Windows XP yalisitishwa na watengenezaji wake tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta kama hiyo isiunganishwe na intaneti.

Nne, usifute asili mpaka nakala ilinganishwe na kufunguliwa, na iwepo nakala ya pili mahali pengine.

Hitimisho

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuchukua hatua, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Aya hiyo tumeisomesha miaka mingi, na siku ile ilitusomesha sisi. "Kompyuta imekufa" ni habari, ihakikishe. "Faili limefika" nayo ni habari, ihakikishe pia.

Yule mama alipata barua yake siku ya tano, na jina lake lilikutwa kama lilivyoandikwa mwaka 2007. Ikiwa miongoni mwa wazazi au wanafunzi wa zamani yupo mwenye kanda au nakala ya darsa za marehemu mwalimu wetu, tunamuomba afike ofisini, kwani huenda zile mbili zimo kwake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu, asamehe uzembe wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Umeingia kwenye seva vizuri, lakini orodha ya mafaili haiji. Kiungo gani kina udhaifu?
2. Kuna tofauti gani kati ya kukataliwa papo hapo na kunyamaziwa?
3. Seva imejibu 192,168,0,2,4,10. Mlango ni namba ngapi?
4. Taja mambo mawili ya kufanya kabla ya kufuta faili la asili.

Wabillahi tawfiq.